Mwia Hapangiwi Msamaha

Kwetu Pwani, kabla jeneza halijainuliwa kwenda makaburini, mmoja wa wafiwa husimama mbele ya watu akasema maneno tunayoyajua sote. Kwanza: kama yuko anayemdai marehemu, na aje kwetu, sisi ndio wa kumlipa. Kisha: na kama yuko aliyekosewa na marehemu, tunamwombea msamaha. Watu huitikia kwa sauti ya chini kwamba wamesamehe, na jeneza likaondoka mabegani.

Hebu sikiliza mpango wa maneno hayo. Deni limetangulia, msamaha umefuata. Anayeomba ni upande wa aliyekosa. Na wanaoombwa hawakutajwa majina, hakuna anayenyooshewa kidole katika safu akaambiwa, "Wewe fulani, tunajua alikudhulumu, sema umesamehe tusikuone una roho mbaya." Mwenye kutaka kunyamaza hunyamaza, na hakuna anayemgeukia.

Adabu hiyo tunayowafanyia maiti tumewanyima walio hai. Leo mtu akiuliwa mwanawe, akichomewa nyumba au akipigwa risasi akitoka kazini, damu haijakauka kabla hajafikiwa na wahubiri, washauri, wazee wa mtaa na wanasiasa, kila mmoja na wimbo uleule: samehe. Samehe upone. Samehe Mungu akusamehe. Samehe nchi isonge mbele. Rai hii imeenea hata imekuwa kama hewa, na anayeihoji huonekana mtu wa fitina. Mimi naihoji. Msamaha naujua ni jambo tukufu, na nimeona watu wakiutoa nikabaki mdomo wazi. Ninachokataa ni kuugeuza uwe deni la aliyeumizwa, adaiwe yeye, asukumwe yeye, na akichelewa kulipa, alaumiwe yeye.

Maneno yenyewe yanatusuta. Waswahili wa zamani walimwita anayedai *mwia*, na anayedaiwa *mwiwa*. Msamaha nao tumeuzungumza siku zote kwa lugha ya mizani na daftari: haki ya mtu, dai la mtu, dhima iliyo shingoni. Anayekwenda Hija huzunguka mtaani, mlango kwa mlango, akiwaomba majirani wawiane radhi kabla ya safari. Ni yeye anayevaa viatu. Majirani hawaitwi kwenye ukumbi wakasomewa hotuba kuhusu faida za kusamehe. Kila mtu alielewa kuwa anayeweza kufuta deni ni mwia peke yake, na kwamba deni likifutwa kwa nguvu, mwia huyo ameibiwa mara ya pili.

Siku hizi neno hilohilo moja tumelibebesha mizigo mitatu. Kuna msamaha wa kodi. Kuna msamaha wa rais, wafungwa wakatoka gerezani siku ya sikukuu ya taifa. Na kuna msamaha wa mama aliyefiwa. Serikali inaweza kusamehe kodi kwa kuwa kodi ni yake, na inaweza kufuta adhabu kwa kuwa ndiyo iliyoitoa. Damu ya mtoto wa watu haikuwahi kuwa mali ya serikali, wala ya kanisa, wala ya msikiti, wala ya kiongozi wa chama. Hawawezi kusamehe wasichodai.

Nitasema habari ya nyumbani kwetu. Shangazi yangu alifiwa na mwanawe wa pekee wa kiume, aliyegongwa na lori barabarani alfajiri. Siku ya tatu ya matanga walikuja watu wa mwenye lori, na magunia mawili ya mchele, bahasha, na mzee mmoja mwenye maneno mazuri. Mzee akasema, "Dada, mapenzi ya Mungu hayana mshindani. Samehe, mtoto apumzike." Shangazi akauliza, "Kaka, mimi sijagombana na Mungu. Aliyekuwa akiendesha lori yuko wapi?" Dereva hakuja. Ilikuja karatasi badala yake. Ilisema kwamba familia imesamehe na haina dai lolote. Mambo hayo mawili yalikaa katika sentensi moja, na hakuna aliyeona haya.

Shangazi hakutia sahihi. Kuanzia siku hiyo akaitwa mwenye roho ngumu, na walioongoza kumwita hivyo walikuwa watu wake mwenyewe, si wale wa lori.

Hapa ndipo wanapoingia washauri wa nafsi na hoja yao ya kwanza: usiposamehe, unajidhuru mwenyewe, kinyongo ni sumu unayoinywa wewe ukingoja afe mwenzio. Ni msemo mtamu na umesambaa kwenye simu zetu kama salamu za Ijumaa. Kosa lake ni kudhani kwamba asiyesamehe lazima anachukia. Nilimjua shangazi kwa zaidi ya miaka ishirini baada ya msiba ule. Aliamka alfajiri kukaanga mahamri, aliimba harusini, alilea wajukuu wa dada yake. Sikumsikia hata siku moja akimlaani dereva yule. Sikumsikia akisema amemsamehe pia. Ukimuuliza, alijibu neno moja tu: "Hajaja bado." Hilo ni jibu la mtu anayejua anachodai, na anayejua kwamba dai lake halijafutwa kwa sababu tu wengine wamechoka kulisikia. Sumu hutoka kwingine. Kinachomla mfiwa usiku mara nyingi ni kuona kila mtu ameendelea na yake kana kwamba mwanawe hakuwahi kuwapo. Kumhimiza asamehe haraka ni kuongeza kipimo cha sumu hiyohiyo.

Hoja ya pili ni ya dini, nayo ni nzito, sitaipuuza. Ni kweli Uislamu unamsifu anayesamehe na kumwahidi ujira. Lakini uliposifu msamaha katika kesi ya damu, uliacha uamuzi mikononi mwa jamaa wa aliyeuawa: wadai kisasi cha sheria, au wapokee dia, yaani fidia ya damu, au wasamehe. Kama kusamehe kungekuwa lazima, hiari hiyo isingekuwa na maana, na sifa yake pia isingekuwapo; nani husifiwa kwa kulipa kodi? Na masheikh wetu hutufundisha kuwa haki za waja hazifutwi na toba ya mkosaji peke yake. Lazima arudi kwa mwenye haki. Hadithi ya muflisi, yule anayefika Siku ya Hukumu na swala zake na saumu zake, kisha thawabu zake zote zikagawiwa aliowadhulumu, ni hadithi ya mwiwa anayefilisiwa na mwia wake. Haimlaumu mwia.

Wakristo nao huambiwa wasamehe saba mara sabini. Ni kweli. Lakini katika Mahubiri ya Mlimani anayeamriwa kuacha sadaka yake madhabahuni na kwenda kupatana ni yule ambaye ndugu yake ana neno juu yake. Ni mkosaji anayetumwa, tena kabla ya ibada. Na Zakayo, mtoza ushuru wa Yeriko, hakusema "nisameheni tusonge mbele". Aliahidi kurudisha mara nne alichonyang'anya. Amri ya kusamehe ni neno kati ya mtu na Mola wake. Mkosaji hana ruhusa ya kuikata kutoka kwenye kitabu na kuipeperusha mbele ya mjane kama hati ya kudai.

Sasa tutoke kwenye matanga twende uwanjani, kwa kuwa huko ndiko rai hii inakofanya madhara makubwa. "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Sijui methali iliyotumiwa vibaya katika siasa zetu kuliko hii. Ndwele ni ugonjwa. Kuganga ni kutibu. Methali inafaa pale yaliyopita yanapokuwa kweli si ugonjwa: mmegombania mpaka wa shamba, mmepatana, basi. Lakini hata mganga wa kienyeji akiletewa mgonjwa, swali lake la kwanza ni hili: ilianza lini? Akiambiwa tusizungumze yaliyopita, atafunga mkoba wake.

Kenya inatosha kuwa shahidi. Mapigano ya Bonde la Ufa yalizuka karibu na uchaguzi wa 1992, watu wakaambiwa wasamehe. Agosti 1997 yakaja ya Likoni, hapahapa kwetu; kituo cha polisi kikavamiwa, zaidi ya watu 100 wakauawa, na majirani waliokuwa wakiitwa wabara wakakimbia na magodoro vichwani kuelekea kivukoni. Tukaambiwa tusamehe. Kisha uchaguzi wa Desemba 2007, na tarehe 1 Januari 2008 watu waliojificha katika kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret wakateketezwa humo, wengi wao wanawake na watoto. Ghasia zilipotulia, zaidi ya watu 1,100 walikuwa wamekufa na mamia ya maelfu wamehama makwao. Wahenga walisema kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Sisi tulisamehe kila mara bila kuuliza nani, kwa amri ya nani, kwa fedha za nani. Msamaha wa namna hiyo ulikuwa mbegu: uliwafundisha wapangaji kwamba bili haiji.

Baada ya upatanishi wa Kofi Annan na mkataba wa Februari 2008, Kenya iliunda Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano. Ilipokea maelezo ya zaidi ya watu 40,000. Walizungumza watu wa Wajir kuhusu mauaji ya uwanja wa ndege wa Wagalla, Februari 1984, ambako serikali ilitaja vifo 57 huku wenyeji wakihesabu mamia na zaidi. Walizungumza waliopokonywa ardhi, waliobakwa, walioteswa vizuizini. Mei 2013 ripoti ilikabidhiwa rais. Bunge halikuipitisha. Mwaka huohuo tuliletewa kaulimbiu mpya, kubali na usonge mbele, na aliyekumbusha ripoti alionekana kuchelewesha msafara.

Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta alisimama bungeni akaomba radhi kwa niaba ya serikali yake na zilizotangulia, akatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 za kuwafuta machozi waathirika. Namhesabia hilo, kwa kuwa waliomtangulia hawakulifanya. Lakini miaka ikapita waathirika wakiuliza fedha ziko wapi, na kanuni za kuzigawa zikizunguka kutoka ofisi hadi ofisi. Dawa ya deni kulipa. Radhi ya bungeni isiyofika Wajir, wala Molo ya Bonde la Ufa, ni hati ya mwiwa aliyekiri deni kisha akahama mtaa.

Tena kuna radhi nyingine, ile inayoanza na "kama". Mei 2025, katika maombi ya kitaifa jijini Nairobi, Rais William Ruto aliwaomba radhi vijana wa Kenya kama kulikuwa na mahali walipokosewa, na kwa pumzi hiyohiyo akawaomba radhi majirani wa Tanzania na Uganda. Mwaka uliotangulia, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu watu 60 waliouawa tangu maandamano ya Mswada wa Fedha yalipoanza. Msomaji mjanja atanikumbusha kwamba hata msemaji wa jenezani husema "kama yuko aliyekosewa". Ni kweli. Lakini yule anamsemea maiti, ambaye makosa yake hakuyajua yote na hawezi tena kuyaulizia. Rais yuko hai. Ana polisi, ana mafaili, ana majina. "Kama" kinywani mwake inamtaka mzazi aliyemzika mwanawe asamehe jambo ambalo anayeomba hajakubali kwamba lilitokea.

Wakoloni wa jana nao wametupa somo kwa siku mbili tu. Tarehe 31 Oktoba 2023 Mfalme Charles wa Uingereza alikuwa Nairobi. Alieleza majuto makubwa kwa ukatili wa enzi ya Mau Mau, asiombe msamaha. Kesho yake, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alikuwa Songea, akaomba msamaha kwa Vita vya Maji Maji na kuzungumza na kizazi cha Chifu Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Waingereza walikuwa wamekwisha lipa: mwaka 2013, baada ya kushtakiwa mahakamani London, walikubali kutoa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228. Kwa hiyo mmoja alilipa asiombe, mwingine akaomba bila kufika na malipo. Yupi amefanya vyema? Walio karibu na jambo hawakubishania hilo sana. Kizazi cha Songea kinataka fuvu la babu yao, linaloaminika kupelekwa Ujerumani, lipatikane lizikwe. Wanajua wanachodai, kama shangazi alivyojua. Nasi tuliosikiliza redioni ndio tuliokuwa na haraka ya kusema Waafrika wamesamehe.

Wenye rai ile watanipeleka Afrika Kusini, na wana haki. Askofu Desmond Tutu aliita kitabu chake cha 1999 kwa jina linalosema kwamba bila msamaha hakuna mustakabali, na nchi ile, ubaguzi wa rangi ulipokwisha, haikuangamia kwa vita vya kulipizana kama wengi walivyohofia. Nakubali. Lakini tuangalie kilichofanyika hasa. Sheria ya 1995 iliyounda Tume yao ya Ukweli na Maridhiano ilimtaka mtesaji aseme ukweli wote ili aepuke kushtakiwa. Haikumtaka hata ajute. Ilikuwa biashara ya ukweli kwa kinga. Na wala haikuwa bure kwa kila aliyeomba: zaidi ya watu 7,000 walipeleka maombi, waliokubaliwa ni 849. Tume hiyo haikumwamuru mzazi yeyote kusamehe.

Tazama misiba miwili ya nchi hiyohiyo. Amy Biehl, mwanafunzi Mmarekani, aliuawa Gugulethu mwaka 1993. Wazazi wake hawakupinga wauaji kupewa kinga, na baadaye wawili kati yao walifanya kazi katika taasisi iliyoanzishwa kwa jina la binti huyo. Familia ya Steve Biko, mpinzani wa ubaguzi wa rangi aliyefia mikononi mwa polisi mwaka 1977, ilikwenda Mahakama ya Katiba kupinga sheria yenyewe ya kinga. Wakashindwa, lakini polisi wale walipoomba kinga, mwaka 1999 walinyimwa. Dunia imewaimba wazazi wa Amy, na wanastahili. Kwa nini haiwaimbi akina Biko? Wote walikuwa wawia. Mmoja alifuta deni lake, mwingine akalidai hadi mlango wa mwisho. Msamaha wa wazazi wa Amy una uzito kwa sababu akina Biko walikuwa huru kukataa. Ondoa uhuru wa kukataa, na ule wa kwanza nao unageuka kuwa sahihi kwenye karatasi ya mwenye lori.

Hofu ya mwisho ndiyo yenye nguvu kuliko zote: watu wasiposamehe, watalipiza. Hofu hii inadhani pana njia mbili tu, mkono wa kusamehe na mkono wa panga. Kati yake ipo barabara pana ambayo wafiwa wengi huipita kimya kimya maisha yao yote: kudai, kushtaki, kukumbuka, kungoja, kuishi jirani na mtu bila kumpa mkono na bila kumgusa unywele. Shangazi hakulipiza. Wazee wa Mau Mau waliokwenda London walikwenda na mawakili. Akina Biko walikwenda mahakamani. Anayelipiza, mara nyingi, ni yule aliyeona milango hiyo yote imefungwa kwa kufuli liitwalo amani.

Na maridhiano ya viongozi? Yana kazi yake. Visiwani Zanzibar, baada ya mauaji ya waandamanaji ya Januari 2001, Wapemba zaidi ya 2,000 walivuka bahari hadi Shimoni, upande wetu huu wa Kwale. Wenyeji wa huko bado wanakumbuka majahazi yakishusha watu. Novemba 2009 Rais Amani Karume na kiongozi wa upinzani, Maalim Seif Sharif Hamad, walikutana Ikulu, na Julai 2010 theluthi mbili ya wapiga kura wakaidhinisha serikali ya umoja. Uchaguzi wa mwaka ule ukapita kwa utulivu, na hilo si jambo dogo kwa mama mwenye vijana. Lakini maridhiano yale yalikuwa ya wakubwa wawili juu ya serikali. Hayakuwa risiti ya mjane wa Wete au Micheweni. Na Oktoba 2015 matokeo ya uchaguzi yalipofutwa, vidonda vya 2001 vilionekana palepale vilipoachwa, chini ya kitambaa. Tunajua kwamba wapiganapo tembo nyasi huumia. Tuongeze kwamba tembo wakipatana, nyasi hazijaulizwa.

Kwa hiyo ukienda kwenye matanga, kaa jamvini. Kunywa kahawa. Peleka unga, osha vyombo, mpeleke mfiwa polisi kuandikisha maelezo kama anataka kwenda. Neno samehe liache mlangoni pamoja na viatu vyako. Wa kulisema ni yule aliyekosa, akija mwenyewe. Na ukiwa kiongozi, una kazi nyingi kabla ya kulifikia neno hilo: ripoti ipitishwe, fidia ilipwe, aliyefyatua risasi atajwe, mifupa irudi.

Shangazi alifariki miaka michache iliyopita. Mimi ndiye niliyesimama mbele ya jeneza lake, nikasema kama tunavyosema: yuko anayemdai marehemu, na aje kwetu. Alijitokeza muuza unga mmoja, deni la kilo mbili, nikamlipa palepale. Kisha jeneza likainuliwa. Njiani ndipo nilipotambua kwamba desturi yetu haina mahali pa kutangaza yale ambayo marehemu mwenyewe alikuwa akidai. Amekwenda nayo.